Siku Korongo Waliporuka Wote

Jumatatu, 4 Machi

Wamemchukua! Kitindamimba wangu kachukuliwa, picha zake zinatiwa kwenye kitabu! Kitabu kizima cha korongo, jalada gumu, jina lake juu. Jina ni la ukoo wa baba yake, lakini macho yanayoona hivyo ni yangu. Haya, sasa ndiyo nikusalimu, daftari: hujambo? Mimi ndiye mama yake.

Daftari kanipa yeye jioni hii. "Mama," kasema, "mimi napiga picha msimu mzima, wewe andika. Mvua zikiisha tutalinganisha nani kaona zaidi." Nikamwambia mimi shule nimeishia ya msingi, na mwaka wa mwisho nilishinda nje nikiwashonea walimu vifungo. Akacheka. "Ukisimulia wewe, jirani anaunguza maharage. Andika hivyohivyo unavyosema."

Basi naandika. Mhariri, yaani yule bwana wa vitabu wa mjini, kampa msimu huu mmoja wa mvua tu. Anataka korongo wakijenga, wakilalia mayai, wakilisha watoto, na kwa jalada anataka picha moja: kundi zima likiwa hewani. Kazi hiyo waliiomba na wanaume watano wenye kamera kama mizinga. Kachukuliwa binti yangu. Nisijisifu, lakini anayetaka kujua kwa nini, aje aone nilivyomlea.

Jumanne, 5 Machi

Wateja tisa wamepita leo kibarazani ninaposhonea na wote wamejua. Wa tisa alikuja kuuliza njia tu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemshonea kibanda cha kujifichia. Turubai kuukuu la lori, juu yake magunia, juu ya magunia vipande vya kijani na kahawia vilivyobaki kwenye sare za shule. Nimeacha tundu la lenzi, nikalizungushia mpira wa kiuno cha sketi ili likaze lenyewe. Nani mwingine angefikiria mpira wa sketi? Sindano mbili zimevunjika, cherehani imenung'unika, lakini mshono umekaa. Mume wangu kaingia ndani, kakaa, kasema, "Humu mtu anaweza kunyolewa." Yeye ni kinyozi, kila kitu anakipima kwa kiti chake. Na kwa mtu mchache wa maneno kama yeye, hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 14 Machi

Leo kanichukua bwawani, nyuma ya kiwanda cha matofali, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tumeingia kibandani, juu ya tuta lililoipita miti ya majini kwa urefu, kabla jua halijatoka. Nimeambiwa nisikohoe, nisivae kanga yangu nyekundu, nisiseme. Hilo la tatu ndilo lililoniuma.

Lakini nimewaona. Korongo hao si ndege wa mchezo. Akisimama anafika kifuani kwangu, kifua cheupe, mabawa meusi pembeni kama koti la wakili, mdomo mrefu kama mkasi wangu wa kukatia mapazia. Wanajenga juu ya miti iliyosimama majini, kiota juu ya kiota, kama nyumba za kupanga.

Mwanangu kaninong'oneza namna ya kujua anayetaka kuruka. Kwanza anageukia upepo unakotoka. Pili anajisaidia. Tatu anakunja magoti na kunyoosha shingo. Hapo wewe unazuia pumzi, unamfuata jicho, jicho tu, na unamwachia nafasi mbele ya mdomo, maana ndege lazima awe na pa kwenda ndani ya picha.

Nikasema kumbe ni kama baba yako akisafiri, lazima kwanza aende msalani. Kacheka mpaka lenzi ikatikisika, na korongo aliyekuwa akimngoja tangu alfajiri akaruka bila kupigwa picha. Hakunikasirikia. Kasema, "Huyo karuka kwa hiari yake, mama. Ndivyo inavyotakiwa. Tutangoja mwingine."

Nikamuuliza kwa nini asipige makofi, waruke wote, tumalize, twende nyumbani tukanywe chai. Kanitazama kama nimemwambia aibe. "Ndege wa kufukuzwa si picha, mama. Ni ushahidi."

Jumatatu, 18 Machi

Mlinzi wa bwawa kahesabu viota, arobaini na kimoja. Anahesabu kila Jumatatu, anasimama juu ya ngazi yake na kidaftari, mguu mmoja mbovu ukining'inia. Nimemwambia mwanangu yumo kwenye kitabu. Kasema, "Najua, mama fundi, umeniambia Ijumaa." Nikamwambia leo ni Jumatatu, ni habari mpya.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Sare sitini za shule, mikono tu imebaki.

Kila siku saa nne nampelekea chai na chakula kwenye bakuli la bati lenye mfuniko. Namwachia kwenye kisiki mwisho wa njia, sifiki kibandani, ndivyo tulivyokubaliana. Bakuli hilo lina umri wake. Watoto wangu wanne wote nimewaita mezani kwa mfuniko ule na kijiko. Nikigonga mara tatu, popote walipo, wanakuja mbio. Wakubwa walikuwa wakichelewa. Kitindamimba hakuchelewa hata siku moja. Kwa hilo pia najivuna.

Jumanne, 2 Aprili

Wametaga! Kanionyesha kwenye kompyuta. Mama korongo kasimama juu ya mayai matatu, kayafunulia bawa moja mvua isiyafikie. Nimetokwa machozi, sijui kwa nini. Nimelea wanne chini ya paa linalovuja, labda ndiyo maana.

Nikamuuliza, na ile ya jalada, kundi zima? Kasema, "Bado. Wakati wa mayai hawaruki wote. Baba akienda kutafuta samaki, mama anabaki. Mama akienda, baba anabaki. Mmoja lazima abaki. Watoto wakiota manyoya, mwisho wa Juni, siku moja asubuhi wataondoka wote pamoja. Nitaingoja siku hiyo."

"Na mhariri atangoja?"

"Kakubali."

Juni! Nimehesabu kwenye kalenda ya kinyozi. Subira huvuta heri, lakini nadhani huivuta kwa kamba ndefu sana.

Jumatano, 10 Aprili

Mama Mapacha, jirani wa upande wa pili, kaja kuchukua gauni lake. Mbele ya wateja watatu kasema, "Shoga, hivi mwanao bado anakaa kwenye gunia? Wa kwangu wawili wanakaa ofisini." Kisha kacheka kile kicheko chake cha kufungua pazia.

Nikamwambia mwanangu anangoja ndege waruke.

"Ndege? Si umtupie jiwe tu?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, maana kwa sindano mdomoni nisingeweza kumjibu. Lakini gauni lake nimelipunguza kiunoni kidogo. Akila atajua.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua siku ya nane. Mwanangu anarudi na miguu imeiva kwa maji kama imechemshwa. Picha nzuri za ndege mmojammoja anazo nyingi. Ya jalada, hana.

Jumamosi, 20 Aprili

Mama Mapacha kauliza tena.

Jumatano, 24 Aprili

KAIPATA! Daftari, kaipata! Kundi zima! Nilipeleka chai saa nne, na muda huohuo korongo wote wakainuka, wote, mbingu ikawa nyeusi na nyeupe, sauti ya mabawa kama shule nzima ikitikisa mashuka. Mwanangu alikuwa ndani ya kibanda nilichokishona mimi, na kidole chake kilikuwa pale. Jioni nimeiona kwenye kompyuta. Sijapata kuona kitu kama hicho. Miguu inaning'inia, shingo zimenyooka, matone ya maji yanadondoka kwenye vidole vyao kama shanga. Nikapiga kigelegele.

Yeye kachoka. Hakula. Kasema kichwa kinamuuma, kalala mapema.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua tena. Hajaenda bwawani.

Jumatatu, 29 Aprili

Mlinzi kaja mpaka nyumbani, na yule hatembei ovyo na mguu ule. Kasimama mlangoni, maji yanamchuruzika, kakataa kuketi. Viota kumi na viwili. Kutoka arobaini na kimoja, kumi na viwili.

Kaeleza polepole. Jumatano walishtuka wote wakati mmoja, kunguru wakaingia. Kunguru hangoji kualikwa. Kisha ikapiga ile mvua ya mchana, mayai yakapoa. Wengine walirudi, wakasimama juu ya viota vitupu siku mbili, halafu wakaondoka. "Miaka kumi na minne nahesabu," kasema. "Sijawahi kushuka kwenye ngazi nikalia."

Mwanangu kasimama. Kamwambia, "Ni mimi. Nilisogeza kibanda karibu mno. Nisamehe."

Mlinzi kamgeukia. "Wewe? Wewe ambaye hata mbu unamngoja ashibe?"

"Ni mimi," kasema tena.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nilikanyaga pedali. Nilishona mstari mzima bila uzi.

Jumanne, 30 Aprili

Daftari, ukurasa wa tarehe 24 nimekudanganya. Sikuandika uongo, lakini niliruka mahali, kama fundi anayeficha kiraka kwa ndani.

Haya. Nilifika kwenye kisiki. Mvua ilikuwa imekatika, kijua kidogo kimetoka, korongo wamekaa kimya kila mmoja kiotani kwake, mbawa wamezifungua zikauke. Nikasema moyoni, mwanga ndio huu. Nikamkumbuka Mama Mapacha na kicheko chake. Nikakumbuka Juni iko wapi. Nikasema, jiwe sitatupa, mimi si mshenzi, lakini kelele kidogo humdhuru nani? Watoto wangu nimewaita kwa kelele na wote wamekua.

Nikatoa mfuniko kwenye bakuli. Nikagonga kwa kijiko, mara tatu, kwa nguvu.

Nilifurahi, wallahi. Walivyoinuka nilifurahi kama siku niliyojifungua. Niliacha chai kwenye kisiki na nikakimbia nyumbani nikicheka peke yangu njiani, mwanamke wa miaka hamsini na sita.

Yeye kanielezea. "Mmoja lazima abaki." Niliandika mwenyewe, tarehe mbili, kwa mkono wangu, nimerudi kusoma. Niliandika nikapita.

Kesho nitamwambia.

Jumatano, 1 Mei

Sikumwambia. Kulikuwa na wateja.

Jumamosi, 4 Mei

Sikumwambia.

Mume wangu alikuwa akiosha vyombo. Kageuza mfuniko kwenye mwanga. "Huu umebonyea." Nikasema ulianguka. Kasema, "Mara tatu?" Kisha kaupangusa na kuuweka kabatini. Baada ya yeye kwenda kazini niliutoa nikauficha kwenye kikapu cha vitambaa. Chakula nafunika kwa sahani.

Ijumaa, 10 Mei

Daftari, nisome hata ukinicheka. Mdomo uliponza kichwa.

Mwanangu alikuwa akioga, simu yake ikalia. Nikapokea. Ni mhariri, sauti tamu kama mtangazaji. Kauliza msimu unaendaje. Ningesema subiri anaoga. Maneno mawili tu. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Kaipata! Kundi zima, bwana mkubwa, hakuna aliyebaki chini!" Mhariri kapiga ukelele wa furaha. Kasema atakuja mwenyewe, Jumamosi tarehe nane Juni, aione, awasalimu wazazi waliozaa mtu wa namna hiyo. Wazazi! Nikasema karibu, tena karibu sana, tutaandaa.

Mwanangu katoka na taulo kichwani. Nilivyomwambia, kakaa kitandani maji yakimtiririka mgongoni. Hakunigombeza. Kauliza tu, "Mama, huna kingine cha kuniambia?"

Nikasema, "Kingine kama kipi?"

Kasema, "Basi."

Jumapili, 12 Mei

Nimewaalika watu siku hiyo ya mhariri. Sijui kwa nini. Mtu akianza kuteremka mlima miguu inakwenda yenyewe. Dada yangu mkubwa, kikundi chetu cha washonaji, walimu wa sare, vinyozi wenzake mume wangu. Mama Mapacha nimemwalika wa kwanza. Kasema, "Hongera shoga, kumbe gunia lina mali!" Zamani neno hilo ningelala nalo wiki nzima kwa utamu. Leo nimesema pasi inaungua, nikaingia ndani.

Jumatatu, 20 Mei

Nimekwenda kwa mwenye duka la vifaa vya shule, kanichapishia ile picha ikawa kubwa, kutoka kwenye simu yangu; mwanangu alinitumia jioni ileile nilipomwomba. Nilitaka kuitundika kibarazani kabla ya wageni. Nimeiegemeza ukutani, nikarudi nyuma hatua tatu kama ninavyofanya kwa gauni la harusi.

Siku zote nilikuwa naangalia juu, kwenye mabawa. Leo nimeangalia chini.

Viota vyote vinaonekana. Vyote. Na ndani yake mayai, matatu, mawili, matatu, meupe, hayana mtu. Kama meza iliyoandaliwa na wenyewe wamekimbia. Na tena: korongo wote wameupa upepo mgongo. Hakuna aliyeugeukia. Miguu haijakunjwa. Kila kitu alichonifundisha asubuhi ile kibandani kimeandikwa humo, na mimi mwenye kujua kusoma nilikuwa sijakisoma. Wote wanakimbia upande mmoja, na upande wanaoukimbia ni wa kisiki.

Nimeigeuza, uso ukutani. Mteja kauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni ubao.

Alhamisi, 23 Mei

Leo kampigia mhariri. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, pindo mkononi.

"Hapana, bwana. Hawakuruka, walifukuzwa. ... Ni nzuri, ndiyo, lakini haitoki. ... Siwezi kusema ni nani. Mimi ndiye niliyekuwepo. ... Hapana, Juni haitakuwepo tena. Wamebaki kumi na viwili. ... Naelewa. ... Mpe yeye, anajua kazi. Asante kwa kuniamini."

Kakata simu. Hakulia. Ningesikia kilio ningeingia.

Kitabu kimekwenda kwa mmoja wa wale watano wenye mizinga. Atapiga bwawa jingine.

Jumatatu, 27 Mei

Kapata kazi ya studio mjini. Picha za pasipoti. Ukuta mweupe, kiti kimoja, "angalia hapa, usicheke". Miaka yote nikiwaambia watu mwanangu hapigi za pasipoti. Anaondoka Jumanne ya wiki ijayo. Kamera na lenzi ndefu kavifunga ndani ya sanduku na kulizungushia kamba. Kibanda changu kakikunja vizuri, mshono ndani, kanirudishia. "Turubai bado zima, mama. Litafaa kitu kingine."

Jumapili, 2 Juni

Leo.

Nilikuwa namshonea blauzi mbili za kazini. Yeye ameketi sakafuni anapanga nguo. Mvua nyembamba. Baba yake kazini. Nikafika kwenye kwapa la blauzi ya pili, mguu ukakataa pedali. Nikanyanyuka, nikaingiza mkono kwenye kikapu cha vitambaa mpaka chini, nikautoa mfuniko, nikauweka sakafuni mbele yake.

Kauangalia. Kagusa yale mabonyeo matatu kwa kidole, moja baada ya jingine.

Nikasema, "Ni mimi."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Tangu kijiko cha kwanza. Nimeitwa kula kwa sauti ile utoto wangu wote. Ulipogonga cha pili mimi nilishaanza kusimama niende nikanawe mikono."

Nilikaa chini. "Basi kwa nini hukusema? Kwa nini ulimwambia mlinzi ni wewe, mbele yangu, na mimi nakusikia?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Wiki tano!"

"Mimi ni mtu wa kungoja." Katabasamu kidogo, kisha tabasamu likafa. "Ningekufukuza ungeruka, mama. Nakujua unavyoruka. Ungesema ni upepo, ungesema ni Mama Mapacha, ungelia, ningekubembeleza, yangeisha hivyo. Nilitaka uinuke mwenyewe."

Nikamwambia nilitaka kumsaidia. Kasema anajua. Nikamwambia nilitaka wamwone kama ninavyomwona mimi. Kasema anajua na hilo. Nikamwambia walivyonicheka kibarazani. Hapo kafunga macho.

"Unajua kinachoniuma mimi?" kasema. "Walipoinuka, mayai yakabaki wazi, na mimi nayaona kwenye lenzi, nayahesabu. Na kidole kikabonyeza. Ningeweza kutoka nje, nikapunga mikono, nikafukuza kunguru. Nikabonyeza mara thelathini na sita. Ilikuwa nzuri, mama. Ndiyo maana sitaki kuishika tena ile kamera."

Sikujua. Wiki tano nilidhani mzigo ni wangu peke yangu na yeye hajui, kumbe aliubeba wangu, akaweka na wake juu.

Nikamuuliza kama kanisamehe. Mimi nimezoea kusamehewa haraka. Watu hucheka nami wakasahau.

"Bado," kasema. "Lakini umekuja." Kisha kachukua blauzi kwenye cherehani, kaangalia kwapa, kasema, "Hapa umeshona bila uzi."

Jumanne, 4 Juni

Kaondoka na gari la asubuhi. Begi moja. Sanduku la kamera kaliacha chini ya kitanda. Baba yake kamkata nywele jana, polepole kuliko kawaida yake, kama hataki ziishe. Stendi nikamuuliza, "Jumamosi utakuja? Nimeshawaalika watu."

"Hujawaambia wasije?"

"Sijawaambia."

"Utawaambia nini wakija?"

Nikasema nitawaambia. Kaniangalia kwa lile jicho lake la kungoja. Kisha dereva kapiga honi, na mimi nikashtuka kuliko mtu yeyote pale.

Kuja, hakuahidi.

Jumatano, 5 Juni

Nyumba imekuwa kubwa. Mume wangu kala wali bila chumvi mpaka ukaisha. Baadaye kasema, "Nilijua ni kijiko." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema, "Ulikuwa unashona."

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda bwawani, bila kanga nyekundu. Nimemkuta mlinzi chini ya ngazi yake, nikamwambia yote, nimesimama, sikupunguza kiuno. Nilidhani atanifukuza. Kavua kofia, kaitikisa maji, kaivaa tena.

"Mama fundi," kasema, "nilisikia bati. Nikajiambia ni kiwanda cha matofali. Nilitaka kiwe kiwanda."

Kisha kanipandisha kwenye ngazi, mimi na magoti yangu haya, kanipa nafasi yake. Viota kumi na viwili. Watoto wamesimama ukingoni, manyoya kichwani yamechanuka kama wametoka kulala, wanapiga mabawa bila kwenda popote. Mmoja karukaruka, kaanguka kwa makalio ndani ya kiota, mama yake akageuka kuangalia upande mwingine kama hakuona. Nilicheka na machozi yakinitoka, kimya kabisa. Sikukohoa.

"Wiki mbili, tatu," mlinzi kasema. "Wataondoka hawa. Wachache, lakini wote."

Nikamwalika.

"Kwenye sherehe?"

"Si sherehe. Njoo tu."

Ijumaa, 7 Juni

Mhariri kapiga simu kwangu, kwa upole, kusema hatakuja. Nilishajua. Dada yangu mkubwa kauliza avae nguo gani. Mama Mapacha kauliza mwanangu atakuwepo, maana anataka kupiga naye picha. Wote nimewajibu neno moja, njooni.

Nimefagia kibaraza. Cherehani nimeisogeza ndani. Viti nimeazima shuleni, ishirini na vinane, nimevipanga vikielekea ukutani. Picha nimeigeuza, sasa inatazama watu. Nitawaonyesha mabawa kwanza, maana hakuna atakayeweza kuangalia kitu kingine kwanza. Kisha nitachukua ile rula yangu ya mbao ya kupimia, nitaishusha chini, kiota kwa kiota, na nitawaambia kila kilichokuwamo kilikwenda wapi, na ni mkono wa nani uliogonga. Mama Mapacha atacheka au hatacheka. Mlinzi atakuwa kiti cha mbele, na mbele yake nitasema si mwanangu. Jina lake lilichafuka nyumbani kwangu, litasafishwa nyumbani kwangu.

Sanduku la kamera nimelifuta vumbi. Sijalifungua kamba. Si yangu kufungua.

Mume wangu kauliza nitawaitaje watu kwenye chai wakishakaa, huwa nagonga mfuniko. Nimemwambia safari hii sigongi kitu. Chakula nitakiweka, mlango wa upande wa stendi nitauacha wazi, na kiti cha karibu na mlango huo mtu asikikalie. Gari la mjini linafika saa tisa na nusu. Akija, aje kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa.

Nimewaambia wote saa kumi alasiri, kesho, Jumamosi, tarehe nane.